Murphy yupi? Jinsi ya kumtofautisha mtu na wenzake wa jina moja katika kumbukumbu za Ayalandi

Mwaka 1890 ofisi ya Msajili Mkuu wa Ayalandi ilihesabu vizazi vilivyoandikishwa, na kutokana navyo ikakadiria idadi ya watu wa kila jina kubwa la ukoo. Murphy walikuwa 62,600, Kelly 55,900, Sullivan 43,600, Walsh 41,700. Majina ya ubatizo nayo yalikuwa haba: wanaume wengi waliitwa John, Patrick, Michael, James, Daniel au Thomas, na wanawake Mary, Bridget, Margaret, Catherine, Ellen au Johanna. Kwa hiyo parokia moja ya vijijini huweza kuwa na Daniel Sullivan kumi kwa wakati mmoja, na watatu kati yao wameoa Mary. Ndiyo maana miti mingi ya nasaba iliyowekwa mtandaoni inampa Patrick Murphy mmoja mke na watoto wa Patrick Murphy mwingine. Kosa likishaingia, watu mia hulinakili bila kulikagua.

Dawa yake ni kuacha kumtafuta mtu mmoja. Wakusanye wote wanaolingana naye kwa jina na umri, mfuate kila mmoja kivyake, kisha waondoe kwa ushahidi hadi abaki yule asiyeondoka. Ni kazi ndefu, lakini hakuna njia fupi inayofika.

Jina moja, koo nyingi

Anza kwa kukubali kwamba jina la ukoo halithibitishi undugu. Majina ya ukoo ya Ayalandi yalianza kurithishwa karibu na karne ya 10 na ya 11. Yalijengwa juu ya jina la baba kwa Mac, au la babu kwa Ó. Mtu maarufu akiitwa Murchadh huku, na mwingine akiitwa hivyohivyo kule, wajukuu wa wote wawili wakawa Ó Murchadha, na leo wote ni Murphy. Kuna Murphy wenye asili ya Wexford, wengine wa Cork, wengine wa Roscommon, na wa Tyrone ambao asili yao ni Mac Murchadha, si Ó. Connor ni hivyo hivyo: wa Kerry, wa Roscommon, wa Offaly na wa Clare ni nyumba mbalimbali. Walsh ndiyo imetawanyika zaidi, kwa sababu maana yake ni mtu wa Wales tu, na watu kutoka Wales walishuka pwani nyingi baada ya uvamizi wa Wanormani wa mwaka 1169.

Kuna pia majina yaliyotafsiriwa. Smith wa kaunti ya Cavan mara nyingi ni Mac Gabhann, mwana wa mhunzi, ilhali Smith wa Belfast anaweza kuwa mtu aliyetokea Uingereza au Uskoti. Kennedy wa Tipperary ni Ó Cinnéide, lakini Kennedy wa Ulster huenda ni wa ukoo wa Kiskoti wenye jina lililoandikwa vilevile.

Watazame Kelly wawili wanaojulikana duniani kote. Ned Kelly, jambazi wa Australia aliyenyongwa Melbourne mwaka 1880, alikuwa mtoto wa mfungwa aliyesafirishwa kutoka Tipperary. Grace Kelly, mwigizaji aliyeolewa na Mwanamfalme wa Monaco, alikuwa mjukuu wa mtu wa kaunti ya Mayo, karibu na Newport. Jina ni moja, ila hakuna kumbukumbu inayowaunganisha, na hakuna sababu ya kuitarajia.

Kwa hiyo weka kando nembo za ukoo zinazouzwa kwenye vikombe na fremu. Nembo hupewa mtu na wazao wake, haipewi jina. Kitu cha kwanza unachohitaji ni kaunti, na baada ya kaunti uteremke chini zaidi.

Ó inayokuja na kuondoka

Katika karne ya 17 na ya 18 familia nyingi ziliacha Ó na Mac. Mwishoni mwa karne ya 19, hasa baada ya Jumuiya ya Kigaeli, iliyotetea lugha ya Kiayalandi, kuanzishwa mwaka 1893, nyingi zilizirudisha. Mtu aliyebatizwa Sullivan mwaka 1862 anaweza kuoa akiwa Sullivan, kuandikwa O'Sullivan kwenye sensa ya 1911, na jiwe la kaburi lake likasema Ó Súilleabháin. Usimtenge kwa sababu hiyo. Wala usiamini kwamba tawi moja la ukoo lilikuwa O'Sullivan siku zote na jingine Sullivan siku zote. Aliyeamua ni padre, karani au mwalimu aliyeshika kalamu.

Unapotafuta kwenye hazina za mtandaoni, jaribu kila umbo: Sullivan, O'Sullivan, O Sullivan yenye nafasi badala ya alama, na Ó Súilleabháin. Mc na Mac ni kitu kimoja. Tovuti nyingi hukubali nyota mahali pa herufi usizo na uhakika nazo, kwa hiyo Sul*van itakuletea pia Sulivan. Kwa wanawake walioandika kwa Kiayalandi, Ó hugeuka Ní na Mac hugeuka Nic kwa ambaye hajaolewa. Aliyeolewa hutumia Uí au Mhic pamoja na jina la ukoo wa mume.

Vitambulisho vitatu vya kweli

Mtu wa kijijini Ayalandi katika karne ya 19 hutambulika kwa vitu vitatu vikikutana: kitongoji alichoishi, jina la ukoo la mke wake au la mama yake, na jina la baba yake. Kimoja hakitoshi. Viwili vinaleta matumaini. Vitatu vikikubaliana katika kumbukumbu mbili zisizonakiliana, unaweza kuandika kwa wino.

Kitongoji hapa ni kile kipande kidogo kabisa cha ardhi chenye jina rasmi. Ayalandi ina zaidi ya 60,000 vya namna hiyo. Vitongoji hukaa ndani ya parokia ya kiraia, parokia ndani ya baroni, baroni ndani ya kaunti. Mambo mawili huwapotosha watafiti. Kwanza, parokia ya Kikatoliki si sawa na parokia ya kiraia, hata zikiwa na jina moja. Mipaka yao hupishana. Pili, wilaya ya uandikishaji wa vizazi na vifo ilifuata mpaka wa chama cha msaada wa maskini cha karne ya 19, na mpaka huo huvuka kaunti. Mtoto aliyeandikishwa katika wilaya fulani si lazima awe alizaliwa katika kaunti yenye mji huo.

Majina ya vitongoji yenyewe hujirudia, kwa hiyo daima andika kitongoji pamoja na parokia yake. Tahajia ikikushinda, ipeleke logainm.ie, hazina rasmi ya majina ya mahali.

Jedwali kabla ya mti

Usifungue programu ya mti wa ukoo kwanza. Fungua lahajedwali na uandike kumbukumbu moja kwa kila mstari. Narudia: kumbukumbu, si mtu. Mti hukulazimisha kuamua mapema kwamba ubatizo huu na ndoa ile ni vya mtu mmoja, na ukishaamua, macho yako hayatauona ushahidi unaopinga.

Safu za kutosha ni hizi: tarehe, aina ya kumbukumbu, jina kama lilivyoandikwa bila kusahihisha, kitongoji, parokia au wilaya, baba, mama na ukoo wake, mke au mume, kazi, mashahidi, wasimamizi wa ubatizo au mtoa taarifa, namba ya ukurasa au kiungo cha picha. Acha safu ya mwisho tupu kwa herufi ya mtu: A, B, C. Herufi huijazi mpaka kumbukumbu mbili zimefungamana kwa vitambulisho vile vitatu.

Chagua dirisha la miaka pana kuliko unavyodhani inafaa. Umri ulioandikwa kwenye jiwe la kaburi au kwenye orodha ya meli unaweza kukosea kwa miaka kumi, na makosa ya miaka mitano ni ya kila siku. Ukiambiwa alizaliwa 1870, kusanya kuanzia 1862 hadi 1876.

Rejista za serikali: zinasema nini, zinanyamaza wapi

Uandikishaji wa ndoa zisizo za Kikatoliki ulianza tarehe 1 Aprili 1845. Vizazi, vifo na ndoa zote vilianza kuandikishwa tarehe 1 Januari 1864. Picha za rejista hizo zinapatikana bure irishgenealogy.ie, kwa vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa miaka 75 na vifo miaka 50.

Cheti cha kuzaliwa ndicho chombo bora, kwa kuwa kinataja kitongoji, baba na kazi yake, na mama pamoja na ukoo wake wa kuzaliwa. Tatizo ni kwamba fahirisi za karne ya 19 kwa kawaida haziuonyeshi ukoo wa mama. Utaona orodha ya Daniel Sullivan ishirini wa wilaya moja bila chochote cha kuwatofautisha. Hapo hakuna ujanja: fungua picha zote ishirini, moja baada ya nyingine, uandike kila moja kwenye jedwali hata kama unajua si yeye. Huyo usiyemtaka leo ndiye atakayekusaidia kumwondoa mgombea wa kesho.

Tarehe ya kuzaliwa kwenye rejista ya serikali usiishike sana. Kuchelewa kuandikisha kulikuwa na faini, hivyo wazazi waliochelewa walisogeza tarehe mbele. Ukikuta mtoto kabatizwa wiki tatu kabla ya siku anayodaiwa kuzaliwa, huyo ni mtoto mmoja, na tarehe ya padre ndiyo ya kuaminiwa.

Cheti cha ndoa kinawataja baba wa pande zote mbili na kazi zao, lakini si mama. Umri mara nyingi huandikwa kwamba ni mtu mzima tu, yaani amefikisha miaka 21. Baba akiandikwa marehemu, hiyo ni habari. Asipoandikwa marehemu, hujaambiwa kwamba yu hai. Ndoa kwa desturi ilifungwa katika parokia ya bibi harusi, kwa hiyo usipoiona kwa bwana harusi, vuka mpaka.

Cheti cha kifo ndicho dhaifu kuliko vyote. Hakitaji wazazi. Kinachokiokoa ni mtoa taarifa: jina lake, makazi yake, na mara nyingi uhusiano wake na marehemu. Mjane Johanna wa kitongoji kilekile, au mwana Timothy, anaweza kumaliza swali la Daniel wako kabisa.

Na jambo moja wengi hawalijui: picha unazoziona ni za nakala zilizopelekwa Dublin, si za kitabu kilichotiwa saini siku ya ndoa. Saini zote zimeandikwa na mkono wa karani. Usipoteze muda kulinganisha mwandiko wa saini hizo ili kuthibitisha kwamba watu wawili ni mmoja.

Kitabu cha ubatizo, mstari kwa mstari

Kabla ya 1864 tegemeo kuu kwa Wakatoliki ni vitabu vya parokia. Vilibaki kwenye parokia, ndiyo maana vilinusurika moto wa tarehe 30 Juni 1922 ulioteketeza jengo la kumbukumbu la Four Courts, Dublin, pamoja na vitabu vingi vya Kanisa la Ayalandi la Kianglikana. Maktaba ya Taifa imeweka picha zake bure registers.nli.ie tangu mwaka 2015, nyingi zikikomea karibu na 1880. Tovuti hiyo haina fahirisi ya majina. Unasoma ukurasa kwa ukurasa. Irishgenealogy.ie ina fahirisi ya Kerry, ya jiji la Dublin na ya sehemu ya Cork, na rootsireland.ie, ya kulipia, inashughulikia kaunti nyingi.

Tuseme umefika kwenye mstari huu: Danielem, f.l. Joannis Sullivan et Honorae Shea, Sp. Timotheus Sullivan, Maria Shea. Daniel ni mtoto wa ndoa halali, ndiyo maana ya f.l. Baba ni John Sullivan. Mama ni Honora Shea, na padre ameandika ukoo wake wa kuzaliwa kama ilivyo kawaida katika vitabu hivi. Sp. inatangulia wasimamizi wa ubatizo: Timothy Sullivan, pengine kaka wa John, na Mary Shea, pengine dada wa Honora. Mkono wa kulia au pembeni huwa kuna kitongoji. Padre akikiacha, wasimamizi ndio watakaokirudisha: tafuta ubatizo mwingine ambamo Timothy Sullivan yumo kama baba, uone anaishi wapi.

Mstari mmoja haukutoshi. Jenga familia nzima. Tafuta kila mtoto wa John Sullivan na Honora Shea kwa miaka 20 hadi 25. Wakitokea wawili waliozaliwa kwa tofauti ya miezi mitano, una jozi mbili za wanandoa wa majina yaleyale, na inatokea zaidi ya unavyodhani. Akitokea Daniel wa pili miaka minne baada ya wa kwanza, kwa kawaida wa kwanza alifariki. Jina lilirudiwa kwa mtoto aliyefuata. Huyu ndiye mtego unaonasa wengi: wanachukua ubatizo wa kwanza kwa kuwa mwaka unalingana, kumbe mtoto huyo hakufika miaka mitatu.

Kilatini na lugha ya nyumbani viliongeza majina mtu aliyoitwa. Tadhg huandikwa Timothy, Thady au Thaddeus. Diarmuid huandikwa Jeremiah, Darby au Dermot. Eoghan ni Owen na pia Eugene. Jacobus ni James, Gulielmus ni William. Bridget akienda Marekani huwa Delia, na Honora huwa Nora au Hanora. Jeremiah na Darby wa kitongoji kimoja wenye mke mmoja ni mtu mmoja.

Usipite pembeni ya ukurasa bila kusoma. Baada ya amri ya Roma iliyoanza kutumika Pasaka ya mwaka 1908, padre wa parokia alikooa mtu alitakiwa kuiarifu parokia alikobatizwa, na ndoa ikaandikwa kando ya ubatizo: tarehe, kanisa, jina la mwenzi. Ukikuta maandishi hayo kwa mtu aliyeolewa au kuoa Boston au New York, umepata kitu ambacho hakuna ushahidi wa pembeni unaoweza kukishinda.

Kwa nini wako wengi namna hii

Desturi ya kuwapa watoto majina ndiyo iliyozaa tatizo. Mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Binti wa kwanza mara nyingi alipewa jina la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba. Mzee Daniel akiwa na wana wanne walioishi jirani, kila mmoja atamwita mwanawe wa kwanza Daniel. Wajukuu wanne wanazaliwa ndani ya miaka michache, wenye jina moja, parokia moja, mara nyingine kitongoji kimoja. Si bahati mbaya. Ni heshima kwa babu.

Desturi hiyo hiyo hukusaidia ukiigeuza. Mtoto wa pili wa kiume anakuonyesha babu mzaa mama, kwa hiyo mabinamu wanne wanaoitwa Daniel wana wadogo wenye majina tofauti. Itumie kama dokezo la pa kutafuta, usiitumie kama uthibitisho, maana familia nyingi ziliivunja.

Sensa mbili, na umri unaoruka

Sensa za 1901 (31 Machi) na 1911 (2 Aprili) ndizo kamili zilizobaki za enzi hizo, na ziko bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Za 1821 hadi 1851 ziliungua karibu zote mwaka 1922, na za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa kwa amri ya serikali. Sensa ya tarehe 18 Aprili 1926, ya kaunti 26 za Jamhuri ya leo, ilifungwa kisheria kwa miaka 100, yaani hadi Aprili 2026.

Linganisha kaya nzima, kamwe si mtu mmoja. Chukua kaya ya 1901, andika majina yote kwa mpangilio wa umri, uiweke kando ya kaya ya 1911. Watoto ndio alama za vidole za familia.

Ukikuta mzee wa miaka 58 mwaka 1901 akiwa na 71 mwaka 1911, usimkatae. Sheria ya pensheni ya uzeeni ya mwaka 1908 ilianza kulipa Januari 1909 kwa waliofikisha miaka 70, na wengi walijiongezea miaka. Hakuna mwenye umri huo aliyekuwa na cheti cha kuzaliwa, kwani uandikishaji ulianza 1864. Maofisa walilazimika kupekua sensa za 1841 na 1851 kuthibitisha umri wa waombaji, na fomu za upekuzi huo zimehifadhiwa. Fomu moja ya aina hiyo hutaja wazazi na kitongoji cha mwombaji alipokuwa mtoto. Kwa mtu aliyezaliwa miaka ya 1830 au 1840 mahali ambapo vitabu vya parokia vimeanza kwa kuchelewa, hii inaweza kuwa kumbukumbu pekee.

Sensa ya 1911 iliuliza pia wanawake walioolewa: miaka ya ndoa, watoto waliozaliwa hai, na walio hai bado. Jibu la miaka 24, watoto 9, hai 7, ni mtihani kamili. Ndoa iwe karibu na 1887, vizazi tisa, vifo viwili vya watoto. Ikiwa familia uliyoijenga ina vizazi sita na ndoa ya 1881, umeunganisha watu wawili. Wajane hawakutakiwa kujibu, lakini wengi walijibu na karani akakata mstari juu yake. Kuza picha: tarakimu husomeka.

Fuata shamba

Pale majina yanapofanana kabisa, ardhi huamua. Tathmini ya Griffith, ya ardhi na nyumba kwa ajili ya kodi, iliyochapishwa kati ya 1847 na 1864, inaorodhesha kwa kila kitongoji mshika ardhi, mkodishaji wake, ukubwa na thamani, na iko bure askaboutireland.ie pamoja na ramani. Inamtaja mshika ardhi tu. Mke, watoto na vibarua wasio na nyumba yao hawamo.

Angalia alama. Namba ni ya shamba kwenye ramani. Herufi kubwa A na B ni vipande vya shamba moja la mtu mmoja. Herufi ndogo a na b ni nyumba ndani ya shamba. Anayechanganya hizo huhesabu Sullivan wawili mahali palipo na mmoja, au kinyume chake.

Palipokuwa na wawili wa jina moja katika kitongoji kimoja, karani aliongeza kitambulisho: Daniel Sullivan (Tim) ni Daniel mwana wa Tim. Roe ni mwekundu wa nywele, Bawn ni mweupe wa nywele, Oge ni kijana, More ni mkubwa. Nyongeza hizi ni dhahabu, na watu wengi waliozinakili kwenye fahirisi waliziacha. Tazama picha ya ukurasa wenyewe. Ukiona mmoja ameitwa mkubwa na mwingine mdogo, usiwafanye baba na mwana. Ilimaanisha tu yupi ana umri zaidi.

Kisha fuata vitabu vya marekebisho vilivyoendelea baada ya tathmini hiyo. Kwa kaunti 26 viko Dublin kwa Tailte Éireann, wakala wa serikali wa ardhi na tathmini. Kwa kaunti sita za kaskazini viko PRONI, hifadhi ya nyaraka ya Ayalandi ya Kaskazini, mtandaoni hadi miaka ya 1930. Mshika ardhi akibadilika, karani alikata jina la zamani na kuandika jipya kwa wino wa rangi ya mwaka ule. Shamba namba 7 likitoka kwa Daniel kwenda kwa Johanna, kisha kwa Timothy, umepata mume, mjane na mwana, pamoja na miaka ya kukisia kifo. Nenda kwenye rejista ya vifo katika miaka miwili mitatu kabla ya badiliko hilo, maana vitabu vilichelewa. Wanaume wanne walioitwa Daniel hutengana hapa kwa sababu hawawezi kushika shamba moja.

Kwa nyuma zaidi, vitabu vya zaka vya 1823 hadi 1837 vinataja wakulima. Pia daftari za leseni za mbwa, zilizoanza mwaka 1866, humtaja mwenye mbwa na kitongoji chake kila mwaka; kwa mtu asiye na ardhi ya maana, leseni hiyo inaweza kuwa ndiyo inayokuonyesha kwamba bado yupo.

Ukianzia ng'ambo

Ikiwa mtu wako alihamia nje, usivuke bahari kabla hujamaliza kumbukumbu za alikokwenda. Wahamiaji walifuatana. Rasi ya Beara, yenye migodi ya shaba ya Allihies, ilipeleka Sullivan na Harrington wengi kwenye migodi ya Butte, Montana, na huko kumtafuta Sullivan kwa jina tu hakufiki popote. Tafuta ndugu zake, mashahidi wa ndoa yake, wasimamizi wa watoto wake, aliyelipia kaburi. Cheti cha kifo cha dada yake kinaweza kutaja mama kwa ukoo wake wa kuzaliwa wakati chake hakitaji. Jiwe la kaburi na tangazo la kifo huweza kutaja parokia ya nyumbani.

Jina la nadra hubadilisha kila kitu. Babu wa mbali, upande wa mama, wa Barack Obama aliyetoka Moneygall, kaunti ya Offaly, mwaka 1850, aliitwa Falmouth Kearney. Kearney wako wengi, na asili zao ni zaidi ya moja. Falmouth ndiyo iliyowezesha kumfuata kutoka kijijini hadi Marekani. Mtu wako akiwa John, mtafute ndugu mwenye jina la nadra na umfuate huyo badala yake.

Vinasaba

Kromosomu Y hupita kutoka baba kwenda kwa mwana, njia ileile ya jina la ukoo. Wanaume wawili wa Murphy wakitofautiana alama 10 kati ya 37 zinazopimwa, hawana babu mmoja wa kiume tangu majina yalipoanza. Wakilingana, wana babu mmoja, ila kipimo hakisemi ni yupi. Kumbuka kwamba mtoto wa nje ya ndoa mara nyingi alichukua ukoo wa mama, kwa hiyo Y tofauti haimaanishi daima familia tofauti.

Kipimo cha kawaida cha vinasaba vyote husaidia kwa vizazi vinne au vitano. Katika maeneo yaliyooana wenyewe kwa wenyewe, kama Beara, watu hulingana kupitia njia kadhaa kwa pamoja, na makadirio ya tovuti huwa karibu kuliko uhalisia. Tafuta kundi la watu wanaolingana wote na ukoo wa mama, tuseme Shea wa kitongoji hicho, kuliko kundi la Sullivan.

Kumwondoa mgombea

Sasa rudi kwenye jedwali. Kwa kila Daniel aliyebaki, fanya majaribio matatu. Tafuta kifo chake utotoni, kuanzia siku ya ubatizo hadi miaka kumi. Tafuta ndoa yake nyumbani katika miaka ambayo wako alikuwa ng'ambo. Mtafute kwenye sensa ya 1901 na ya 1911. Aliyekufa mtoto, aliyeoa nyumbani, au aliyekaa shambani siku ya sensa, anatoka. Andika kwenye mstari wake kwa nini ametoka na picha ipi imemtoa, ili mtu mwingine aweze kukagua.

Wakibaki wawili ambao hakuna kumbukumbu inayowatenga, waache wote wawili kwenye jedwali. Kwenye mti mwandike Daniel bila wazazi, na katika maelezo yake utaje familia zote mbili, kila moja na kitongoji chake na ukoo wa mama. Ukimwunganisha kwa kukisia, miaka miwili baadaye utaukuta mkisio huo kwenye miti ya wengine, ukiwa umegeuka ushahidi.